Osilometria: kipimo cha mapafu kisichokukamua pumzi

Kwa mtu mwenye kifua kama changu, spirometria, kile kipimo cha mapafu cha kupuliza, ni shughuli pevu. Unavuta hewa mpaka kifua kijae, unaifyatua kwa nguvu zote, halafu unaendelea kusukuma sekunde 6 au zaidi huku mhudumu akikuhimiza, "Haya mzee, bado, bado, usiache!" Kizunguzungu, kikohozi, na grafu ikikataa, unarudia.

Safari hii nilipangiwa na osilometria, nayo ikatangulia, kwa kuwa kule kupuliza kwa nguvu kunaweza kuivuruga njia ya hewa kabla haijapimwa. Unakaa wima, pua imebanwa, midomo imekaza kwenye mrija wa mashine, mashavu umeyashika kwa viganja. Mashavu yakiachwa hutikisika na kumeza mawimbi yanayotakiwa kufika kifuani. Kisha unapumua tu kama kawaida. Mashine inarusha vimawimbi vya sauti, unasikia mtetemo mdogo kooni, na baada ya nusu dakika hivi raundi imekwisha. Hata jasho halikunitoka.

Faida yake niliiona kwenye majibu. Uwiano wangu wa spirometria (hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote niliyopuliza) baada ya salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, ulikuwa chini kidogo tu ya 0.70, kiasi cha kuvuka tu mpaka wa ugonjwa, ilhali ngazi za ghorofa moja zinaniacha nimeshika ukuta. Daktari akanionyesha namba mbili za ukinzani, yaani jinsi njia ya hewa inavyoyazuia mawimbi. Mawimbi ya hezi 5 (mitetemo 5 kwa sekunde) hupenya hadi ndani, ya hezi 20 huishia zaidi kwenye mirija mikubwa. Ukinzani wa kwanza ukiuzidi sana wa pili, basi mashaka yanaelekea kwenye mirija midogo, ile yenye kipenyo kisichofika milimita 2. Kwangu pengo lilikuwa kubwa. Mirija hiyo ni mingi mno na hewa hugawana njia, ndiyo maana mingi huweza kunenepa kuta, kuziba kwa makohozi au kupotea kabisa kabla spirometria haijashtuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia ya hewa) mirija hiyo hupungua hata kabla vifuko vya hewa havijaanza kubomoka. Sikufurahi kuusikia, ila angalau nilijua ninaumwa wapi.

Sasa kero. Ujumbe wa miadi haukusema neno kuhusu pampu, wakati ile ya kufungua kifua haraka inatakiwa iachwe saa 4 hadi 6 kabla. Nilikuwa nimeivuta asubuhi, nikakalishwa kwenye benchi mpaka muda upite. Ripoti nayo ni ukurasa uliojaa herufi na michoro, bila sentensi moja ya kumsaidia mgonjwa; bila daktari yule ningeifungia maandazi.

Ukiulizwa uchague kimoja, usiiache spirometria, maana COPD bado inathibitishwa kwa hiyo. Osilometria iombe kama nyongeza, hasa kama kupuliza kunakushinda au majibu hayalingani na unavyojisikia. Na marudio yafanyike kwenye mashine ya aina ileile, kwa sababu namba za watengenezaji tofauti haziwiani sawasawa. Mimi nimebadilishiwa pampu, nimepewa yenye chembe ndogo zaidi ili dawa ifike mbali, na kipimo cha marudio kimeshaandikwa kwenye kadi yangu.