Stellarium kwenye kompyuta: inafaa kiasi gani kwa swali la sayari ni ngapi

Ukiulizwa sayari za mfumo wa Jua ni ngapi, jibu ni neno moja: nane. Ugumu uko kwenye swali linalofuata, la kwa nini nane wala si tisa au kumi na tatu, na ni kwa swali hilo Stellarium inapimwa hapa. Programu hii huchora anga kama inavyoonekana mahali na saa unayochagua. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Tathmini hii inahusu toleo la kompyuta pekee. La simu na la kwenye kivinjari ni bidhaa nyingine, na vitufe vinavyotajwa hapa usitegemee kuvikuta huko.

Kwanza rekebisha mahali. Bonyeza F6 uchague mji wako mwenyewe, kwa sababu programu ikiachiwa kukisia kupitia intaneti inaweza kukuweka mji mwingine, na saa za kuchomoza na kutua zote zikakosea. Kisha bonyeza A kuondoa mwanga wa angahewa na G kuondoa ardhi. Sasa unaona anga lote, hata lililo chini ya miguu yako. Anayehesabu sayari hapo atapata saba, na wapo wanaodhani programu ina kasoro. Haina. Ya nane ndiyo uliyosimama juu yake.

Kigezo rasmi kilipitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia tarehe 24 Agosti 2006 mjini Prague. Ili kitu kiitwe sayari, sharti kilizunguke Jua, kiwe na masi ya kutosha kwa mvutano wake wenyewe kukifinyanga kikawa karibu na umbo la mviringo, na kiwe kimesafisha ujirani wa njia yake, yaani kiwe kimevitawala au kuvifukuza vitu vingine vilivyo humo. Kinachotimiza mawili ya kwanza na kukwama kwenye la tatu, ilimradi si mwezi wa kitu kingine, ni sayari kibete. Zinazotambuliwa rasmi ni tano: Ceres, Pluto (iliyokuwa ikihesabiwa sayari ya tisa), Haumea, Makemake na Eris.

Kwa sharti la kwanza Stellarium haina mpinzani. Bonyeza F3, andika Ganymede, kisha Mercury (Utaridi), na ulinganishe maelezo yanayotokea pembeni. Ganymede ina kipenyo cha takribani kilomita 5,268, Utaridi 4,879. Ganymede, ambayo ni mwezi, imeipita sayari kwa ukubwa, lakini inazunguka sayari ya Mshtarii, kwa hiyo mjadala umekwisha. Zoezi hili la dakika mbili linaondoa dhana iliyozoeleka kuliko zote, kwamba usayari ni suala la ukubwa tu. Majina yaandike kama wanaastronomia wanavyoyaandika. Usipoyapata, fungua F2 uangalie lugha iliyowekwa.

Sharti la pili linapita kimyakimya. Ukibonyeza kitufe cha mkwaju (/) baada ya kuchagua Ceres, programu inaisogeza hadi ijae kiooni, nawe unaona tufe la kilomita 940 hivi. Asteroidi (miamba inayozunguka Jua) ndogo zisizo na umbo la tufe zinahitaji tahadhari: picha inayochorwa kiooni si lazima iwe umbo halisi la kitu. Usiitumie kama ushahidi wa nani ni mviringo na nani si mviringo.

Sharti la tatu ndilo gumu, na hapa programu inasaidia na kupotosha kwa wakati mmoja. Anza na mwinamo. Bonyeza kitufe cha mkato (,) ili mstari wa ekliptiki uonekane, yaani njia ya Jua angani kwa mwaka mzima. Sayari zote zimeukumbatia mstari huo. Sasa tafuta Pluto. Ukifanya hivyo kwa tarehe ya miaka hii utaikuta karibu na mstari na utadhani ni mtiifu kama wengine, kwa sababu ilivuka bapa la ekliptiki mwaka 2018. Fungua F5, rudisha mwaka hadi 1980, na utaiona imepanda juu takribani nyuzi 17. Huo ndio mwinamo wa njia yake. Tarehe moja haitoshi kumjua Pluto, ambaye mzunguko wake mmoja huchukua miaka 248.

Kisha weka Septemba 1989 usome umbali kutoka kwenye Jua. Kizio kinachotumika ni wastani wa umbali wa Dunia na Jua. Pluto itasoma takribani 29.7, Neptuni 30.2. Naam, Pluto ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni, hali iliyodumu kuanzia 1979 hadi 1999. Bonyeza O kuchora njia za mizunguko, na kwenye F4, sehemu ya mfumo wa Jua, hakikisha njia hizo hazijafungiwa kwa sayari tu.

Hapa ndipo wengi wanapotoka na jibu lisilo sahihi. Wanaona mistari miwili imepishana kiooni na kuhitimisha kwamba Pluto iliondolewa kwa kosa la kukatisha njia ya Neptuni. Mistari hiyo imepishana kwenye mchoro tu, maana kioo ni bapa na mwinamo haujitokezi. Neptuni ikizunguka mara tatu, Pluto huzunguka mara mbili, na mpangilio huo unazifanya zisikaribiane kamwe. Kilichoiangusha Pluto ni majirani: iko ndani ya ukanda wa Kuiper, eneo lililo ng'ambo ya Neptuni lenye vitu vingi mno vya barafu, na masi yake haitoshi kuvitawala wala kuvifukuza.

Majirani hao ndio usiowaona. Orodha ya vitu vidogo inayokuja na programu ni sampuli tu, kwa hiyo Pluto inaonekana kama mfalme peke yake gizani. Hii ndiyo dosari kubwa ya Stellarium kwa mada hii, na dawa yake imo humohumo. Fungua F2, nenda kwenye nyongeza, washa Solar System Editor, funga programu na uifungue upya. Kisha ingia kwenye mipangilio ya nyongeza hiyo uingize data za Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi na vimondo vyenye mkia. Ingiza makumi au mia chache. Anayeingiza maelfu kwa mpigo atakuta kompyuta ya kawaida inajikongoja. Baada ya hapo rudi kwa Eris, iliyogunduliwa mwaka 2005. Kipenyo chake ni kidogo kidogo kuliko cha Pluto, kilomita 2,326 dhidi ya 2,377, lakini masi yake inazidi kwa takribani asilimia 27. Anayetaka Pluto irudishwe ajiandae kumpokea na Eris.

Angalizo kuhusu data hizo: njia za vitu vidogo hupigiwa hesabu kwa vipimo vya tarehe fulani, bila kufuata kila msukosuko unaotokana na mvutano wa sayari kubwa. Ukisogea miaka mingi mbele au nyuma, mahali pa asteroidi panapoonyeshwa si pa kuaminika. Kwa sayari nane hali ni tofauti kabisa. Jaribu tarehe 28 Desemba 1612, ukiwa Italia: Neptuni iko jirani na Mshtarii, na kweli usiku huo mwanaastronomia Galileo aliichora kwenye daftari lake akidhani ni nyota. Ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1846.

Nyongeza ya Exoplanets huweka alama kwenye nyota zenye sayari zake. Idadi ya sayari hizo zilizothibitishwa ilivuka 6,000 mwaka 2025, na nyongeza inahitaji intaneti kusasisha orodha. Haikuonyeshi sayari zenyewe, nyota tu pamoja na takwimu. Wala usizipime kwa kigezo cha Prague, kwani kile kinahusu mfumo wa Jua peke yake.

Ukimaliza majaribio na anga limejaa majina ya namba usiyoyahitaji, rudi kwenye Solar System Editor na urejeshe orodha ya awali ya vitu vidogo. Ulivyoingiza vyote vitafutika, hivyo vile unavyotaka kuvitumia tena viandike kando kwanza.