Gari ya kulala safarini: urekebishe ya zamani ama uchukue mpya? Mimi nazipanga hivi

Mimi ni wa Nakuru, na familia yangu inapenda kutembea, leo Baringo, kesho Kisumu kando ya ziwa, so hii hesabu nimeipiga miaka. Kitu moja nataka ushike kabla utoe pesa: angalia bodi kwanza, injini baadaye. Injini utafungua ama ubadilishe, lakini chasi ikishaliwa na kutu utachomelea mpaka uchoke.

Namba moja kwangu ni van ya watalii iliyostaafu, ile ya paa la kuinuka. Ukiinua paa unasimama wima ndani, na kwa hiace (van ya Toyota) ya kawaida hiyo ni kazi ya kukata bati, halafu mabadiliko ya bodi lazima yaingie kwa logibuku. Hapa unaongeza tu kitanda cha plaiwudi, betri ya pili, sola na kabati. Lakini kagua raba za paa. Yetu zilikuwa zimekauka na hatukujua, mvua ya Aprili ikatupata tumelala, tukaamka godoro imelowa upande wa watoto.

Namba mbili, shark, yaani hiace iliyokuwa matatu. Spea ziko kila mahali kuanzia Nakuru mpaka Busia na fundi yeyote anaijua. Beba sumaku ndogo, pitisha kwa milango na juu ya magurudumu, mahali haishiki ujue ni fila, ile puti ya kuficha kutu, imepakwa. Inua kapeti, dunga kwa bisibisi pale viti vilifungwa, maji hukaa hapo. Kisha washa injini, fungua kifuniko cha oili, ikipumua moshi kwa nguvu ringi za pistoni zimeisha, punguza bei ama uende. Ya injini ya 5L haina turbo, itapanda Timboroa polepole lakini ni rahisi kutengeneza, ya injini ya 1KD ina nguvu ila nozo zake, zile za kunyunyiza dizeli, hazipendi dizeli chafu na ni ghali. Usisahau kufuta ile laini ya manjano ya matatu na kubadilisha matumizi ya gari kwa NTSA (mamlaka ya usafiri), bima pia.

Namba tatu ndio kuagiza Japan. Sheria inataka gari isizidi miaka 8, ushuru unalipa Mombasa, na ukifika nyumbani bado ni van tupu, kitanda hakuna, sola hakuna. Kama pesa iko na hutaki kushinda gereji, sawa, ni gari safi.

Ya mwisho kabisa ni ile ya bei ya kutupa, imeoza chini. Hata ukipewa bure usichukue.

Na tafadhali, hata ulale Timboroa na baridi ile, jiko la makaa lisiingie kwa gari. Ule moshi wake hauuoni na unaua watu wakiwa usingizini. Beba blanketi mbili zaidi na uache dirisha wazi kidogo.