Agroveti ya Ngamiani, hatimaye nimeelewa L na DL za kwenye paketi

Wafugaji wenzangu wa Tanga kuna agroveti moja iko huku Ngamiani, nimeshanunua pale laisini na methionini (hizi ni amino asidi, vipande ambavyo mwili unajengea protini) za kuku wa mayai mara tatu na nimeridhika sana, hasa kwa vile wanavyoeleza.

Mimi nachanganya chakula mwenyewe nyumbani Pongwe, mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, sasa dagaa wakipanda bei unapunguza na mayai nayo yanapungua, ndo inabidi uongezee amino asidi za dukani. Siku ya kwanza nilitaka kurudisha mzigo, maana laisini imeandikwa L na methionini imeandikwa DL, na duka nililokuwa nanunua zamani waliniambia DL ni iliyochakachuliwa. Kijana wa pale, kasoma kemia huyu, akavua ndala zake akaniambia mama tazama, pea moja, umbo moja, lakini ya kushoto haikai mguu wa kulia. Amino asidi nazo ziko hivyo, L na D, na mwili unajengea protini hizo za L. Ukizitengeneza kiwandani kwa kemia ya kawaida zinatoka nusu kwa nusu, hiyo ndo DL.

Kazi iko kwenye kuzitenganisha! Uzito sawa, kwenye maji zinayeyuka sawa, utazichekecha na nini? Basi wanaweka asidi nyingine ambayo yenyewe ni ya upande mmoja, mfano asidi ya tartariki, inashikana nazo zinakuwa chumvi mbili tofauti, moja inaganda fuwele mapema nyingine inabaki kwenye maji, wanachuja. Na bado ile nusu ya D iko mikononi, usipoivuruga iwe DL tena uanze upya umepoteza nusu ya mzigo, ndo maana iliyotengwa ina gharama. Akaniambia Louis Pasteur, Mfaransa, mwaka 1848 alichambua fuwele za chumvi ya asidi hiyo hiyo kwa mkono, anaangalia kwa hadubini, moja moja, nikamkumbuka mama yangu na ungo wa mchele.

Kwa methionini gharama hiyo ya nini, kuku ana vimeng'enya vya kuigeuza D ikawa L. Ila D ya laisini haimsaidii kitu, kwa hiyo laisini hakikisha imeandikwa L. Siku hizi inatengenezwa na bakteria, wao wanatoa L tupu, hakuna cha kutenganisha. Kwenye gunia tafuta L-laisini HCl asilimia 98.5 (laisini yenyewe humo ni kama 78, inayobaki karibu yote ni hiyo HCl, asidi iliyoshikana nayo) na DL-methionini 99.

Kilichonikera ni vile vifuko vya nusu kilo wanavyopima wenyewe, jina limeandikwa kwa maka peni, hakuna namba ya bachi wala tarehe ya kuisha, na hii ni bidhaa ya unga mweupe, mtu akikuwekea chokaa utajuaje? Nilimwambia mwenye duka, mzee mmoja mstaarabu sana, akanipeleka stoo nikaona gunia lenyewe nikapiga picha lebo. Nanyi ombeni, hawakatai. Bei haitofautiani sana na ya Dar na nauli unakuwa umeokoa.

Ijumaa wanafunga kwa swala, nenda kuanzia saa nane na nusu mchana.