Chokaa au saruji kwa kuta za kituo cha polisi cha zamani

Plasta ikibanduka kwenye kituo cha polisi cha enzi ya ukoloni, Kampala au Jinja, mafundi hukimbilia saruji kwa sababu hushika upesi na hupatikana kila duka. Ni kosa. Matofali ya kuchoma ya zamani ni laini. Saruji huyashinda ugumu na kuziba unyevu unaopanda kutoka msingini. Maji yakikosa pa kutokea, tofali humeguka nyuma ya plasta inayoonekana nzima.

Chokaa hupitisha unyevu. Changanya ndoo 1 ya chokaa na 3 za mchanga safi usio na udongo, paka tabaka la milimita 10, kisha lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa: jua likilikausha haraka hupasuka. Inachelewa, kweli. Saruji inafaa ukuta mpya wa bloku.