Bawasiri ya Ndani na Bawasiri ya Nje

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa. Mpaka kati ya ya ndani na ya nje ni mstari wenye umbo la meno, takriban sentimita 2 ndani ya tundu la haja kubwa. Juu ya mstari huo, yaani ndani zaidi, utando hausikii maumivu ya kuchoma wala kukata. Ndiyo maana bawasiri ya ndani hutoa damu nyekundu mbichi bila kuuma, na daktari huweza kuifunga kwa mpira mdogo unaobana shina lake bila ganzi. Ikichomoza, kwa kawaida hurudi yenyewe au husukumwa kwa kidole.

Ya nje imefunikwa na ngozi yenye hisia kamili, hivyo mpira haufai kabisa. Damu ikiganda humo, hutokea uvimbe mgumu wa zambarau unaouma sana siku 2 au 3 za mwanzo; kukalia maji ya uvuguvugu hutuliza. Damu iliyochanganyika na kinyesi, lakini, haielekei kuwa bawasiri: utumbo mpana uchunguzwe.