Diploma ya Trieste: mlango wa biofizikia kwa mwenye hesabu

Kwa mhitimu wa fizikia anayeitaka biofizikia (fizikia ya viumbe hai) lakini hana karo, Diploma ya Uzamili ya ICTP, Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, mjini Trieste, Italia, ni miongoni mwa nafasi bora tunazozijua. Kituo hicho, alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam mwaka 1964, huwafadhili wanaochaguliwa kutoka nchi zinazoendelea. Masomo ni mwaka mmoja, pamoja na tasnifu.

Ila usitarajie maabara ya hadubini. Hapa ni ubao na kompyuta. Aliyesoma baiolojia tupu huzama mapema, maana fizikia takwimu, inayoeleza tabia ya chembe nyingi kwa pamoja, inadai aljebra, milinganyo tofautishi na nadharia ya uwezekano. Jipime hivi: andika programu ya Python ya kuiga mwendo wa Brown (kutangatanga kwa nasibu) wa chembe 1,000, kisha onyesha kwamba wastani wa mraba wa umbali unakua sawia na muda. Ukikwama, jifunze kwanza, ndipo uombe.

Maombi mengi mazuri huharibiwa na barua za mapendekezo. “Ana nidhamu” haisaidii kitu. Aliyesimamia mradi wako aeleze ulikokotoa nini na ulikosea wapi ukarekebisha. Nakala ya matokeo nayo iombe chuoni miezi miwili kabla.