Kondishna ya kupulizia kwa nywele za binti yangu chotara, uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma huku mtoto amekaa katikati ya miguu analia: kwa kufumua mafundo inafanya kazi, tena sana. Kwa mengine yote waliyoandika kwenye chupa, hapana.

Naongelea zile kondishna za majimaji za watoto, unapuliza, unachana, unaacha, husuuzi. Jina la kampuni silitaji, sijalipwa na mtu, na kiukweli ziko nyingi zinafanana, ukigeuza chupa ukasoma nyuma nyingi zinaanza na maji halafu kuna jina refu linaloanzia na behentrimonium au cetrimonium, gliserini, harufu, basi. Hilo jina refu ndo mnalinunua. Lina chaji chanya na unywele, hasa uliochoka, una chaji hasi, kwa hiyo linaung'ang'ania unywele na kuufanya uteleze, ndo maana fundo linaachia lenyewe. Na viungo huwa vinapangwa kwa wingi, kilicho kingi kinatangulia, kwa hiyo ukiona mbele kuna picha kubwa ya nazi halafu mafuta yenyewe ya nazi yako mwishoni kabisa baada ya harufu, ujue umeuziwa picha.

Sasa nywele zenyewe. Baba yake ana singa, mimi kipilipili cha kuvunja vitana, mtoto akachukua kotekote. Na sio kwamba zimechanganyika zikatulia katikati, mbele kwenye paji ni mawimbi tu, utosini zinajisokota mizunguko ya kuingiza kidole, kisogoni ni mama mtupu. Wanaopenda ile chati ya namba na herufi, ya Andre Walker aliyekuwa anamtengeneza Oprah nywele, inayopanga nywele kuanzia 1 zilizonyooka mpaka 4 za kipilipili, watakwambia chotara ni 3B au 3C, wangu mbele naona ni 2C na nyuma 4A, kichwa hichohicho kimoja, ukifuata chati utanunua dawa ya nusu kichwa. Halafu uwasikie watu, "kachukua nywele nzuri huyu, hazina kazi". Hazina kazi kwa nani? Si wewe unayezichana. Na zangu ndo mbaya, haya, tuendelee.

Ninavyoitumia: nywele kavu sigusi kabisa. Nalowesha kwanza, nagawa mafungu manne nabana, nafungua fungu mojamoja, napuliza mpaka vidole viteleze, nafumua kwa vidole ndo nashika kitana cha meno mapana, naanzia nchani napanda kidogokidogo kuelekea kichwani na mkono wa pili umebana pale katikati ili ngozi isivutike. Huo mkono wa pili ndo unaopunguza kilio kuliko chupa yoyote, naomba mniamini. Unywele uliolowa unavutika sana ila unakatika kirahisi pia, kwa hiyo kuchana na maji peke yake ni kuumiza nywele, ule utelezi lazima uwepo na hapa bidhaa hii sina neno nayo, lile fundo la kisogoni linalotokana na kulala na kusugua kichwa kwenye kiti siku hizi linafumuka bila mimi kufikiria mkasi. Kwenye yale mawimbi ya mbele napuliza kidogo mno, ukizidisha yanalala yanakuwa kama hayajaoshwa.

Na ile "bila machozi" wanayoandika kwenye bidhaa za watoto ni habari ya macho jamani, sio ya kitana. Tena hata hayo macho, mpulizo wake ni mpana unasambaa uso mzima, mimi napuliza kiganjani kwanza ndo napaka.

Sasa unyevu, hapa ndo tumekosana. Chupa inasema nywele laini siku nzima, aisee, kwenye utosi sawa, kisogo mchana tu kimeshakauka kama hakijapakwa kitu. Na inaeleweka, mafuta ya asili ya kichwani yanateremka kirahisi kwenye unywele ulionyooka, kwenye uliojisokota yanakwama njiani, ncha hazipati kitu, sasa hayo majimaji mepesi yatasaidia nini pale? Kwa hiyo kisogoni juu yake naongeza krimu nzito na mafuta kidogo ya kuziba unyevu usitoke, nikisema kweli hiyo krimu ndo inafanya kazi ya unyevu, hii ya kupulizia imesaidia kitana kupita.

"Inatengeneza mizunguko" nayo ni maneno. Mizunguko anayo tayari, inajikusanya vizuri ukipaka wakati nywele zinachuruzika maji halafu ukaacha kuzishikashika mpaka zikauke. Kazi ngumu ni hapo kwenye kuacha, kila mgeni anataka kuzivuta aone zikirudi.

Mengine ya harakaharaka. Harufu ni kali, kama ngozi ya mtoto ina pumu ya ngozi au inawasha haraka tafuta isiyo na harufu kabisa. Ukipuliza kila asubuhi bila kuosha inajijenga, nywele zinakuwa nzito na hazishiki tena krimu, ikifika hapo shampuu tu hakuna njia ya mkato. Na usiku foronya ya satini, kofia kwa mtoto mdogo ni kujisumbua, asubuhi utaikuta chini ya kitanda, na pamba ndo inayosugua na kurudisha mafundo uliyohangaika nayo.

Wa kununua ni yule ambaye mtoto wake ana mawimbi au mizunguko mikubwa na vita yenu ni mafundo tu. Kama kichwa kizima ni kama kisogo cha wangu itaisha haraka na kwenye unyevu hutaona tofauti, bora uchote kondishna ya kawaida ya kusuuza uichanganye na maji kwenye chupa ya kupulizia, utelezi ni uleule, ila changanya ya kutumia mara hiyo tu umwage inayobaki, ukishaongeza maji ile dawa ya kuzuia kuoza inapungua nguvu na inaweza kuota ukungu. Mimi hii nitanunua tena, ya chupa ndogo, kwa ajili ya utosi na siku za haraka.